Anwani Iliyopitwa na Wakati Ndani ya Simu Yako

Laini ikikaa miezi bila kutumika, inaweza kuzimwa na namba ile ipewe mteja mwingine. Wewe bado umeisevu kama "Shangazi". Ukituma pesa bila kusoma jina, zimeenda kwa mgeni.

Programu nazo hukosea vivyo hivyo, ndani kwa ndani. Kila kitu kwenye memori ya simu kina anwani. Nafasi ikiachiliwa na kupewa kazi nyingine, huku sehemu fulani ya programu ikishikilia anwani ya zamani, itasoma au kuandika juu ya vitu visivyo vyake. Mwizi mjanja hupanga nafasi hiyo ijazwe na vitu vyake yeye.

Lugha ya C, ya miaka ya 1970, humwachia mwandishi wa programu akumbuke mwenyewe nani amehama. Sisi tunaona huo ni mzigo usio wa haki, hata kwa fundi hodari. Rust, iliyotoka rasmi 2015, hukagua kila anwani itaishi hadi lini. Ikiweza kudumu kuliko kitu chenyewe, programu haijengwi kabisa. Waandishi huilalamikia, eti inasumbua. Isumbue tu! Kwenye Android, ambako kazi mpya nyingi huandikwa kwa lugha salama siku hizi, kasoro za memori zilishuka kutoka asilimia 76 ya kasoro zote za usalama mwaka 2019 hadi 24 mwaka 2024.

Kasoro hizo bado zipo. Kwa hivyo apdeti ya simu ikija, hata kama bando ni kidogo, usiiambie "baadaye".