MGONJWA ASIKESHE MLANGONI

Mwananchi wa Songambele, wilayani Kyerwa, afikishwapo hospitali akiwa mahututi huwa amekwisha kusafiri mwendo mrefu. Si haki akeshe juu ya machela katika chumba cha dharura, ilhali wodini yumo aliyepona, angojaye karatasi ya ruhusa tu. Na nyuma yake mwingine hapati nafasi ya kuonwa.

Tangu Muhimbili ilipofungua idara yake ya dharura mwaka 2010, idara kama hizo zimejengwa hata mikoani. Twashukuru. Lakini mlango wa kuingilia haufai kitu kama wa kutokea umezibwa. Madaktari wapitie wodi mapema, ruhusa zitolewe kabla ya adhuhuri, na wauguzi wa wodi wamfuate mgonjwa. Kazi hiyo haidai majengo mapya. Yadai utaratibu na moyo.