Fundi wa basi apewe ngazi, na sahihi yake idaiwe

Abiria anayepanda gari alfajiri Ibaba, akishuka milima ya Ileje kuelekea Itumba na hatimaye Mpemba na Tunduma, anaweka roho yake mikononi mwa watu wawili. Wa kwanza ni dereva, ambaye anamwona. Wa pili ni fundi aliyefunga breki za gari hilo jana yake jioni, ambaye hamjui kwa jina wala kwa sura. Dola inamjua vizuri yule wa kwanza. Ana leseni, na kama ni wa basi kubwa leseni hiyo ni ya daraja C. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, ina utaratibu wa kumpima na kumthibitisha, na katika mabasi ya masafa marefu kifaa cha kufuatilia mwenendo kinaonyesha alipozidisha mwendo. Huyu wa pili hakuna anayemuuliza kitu. Ni kosa kubwa, na gazeti hili linataka lirekebishwe.

Tuanze na jambo linaloonekana dogo: mafuta ya breki. Magari madogo ya abiria yanayopanda huku kwetu hutumia breki za mafuta, na mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewa mwezi hadi mwezi. Mafuta mapya ya daraja la DOT 4 hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi joto 230. Yakishaingia maji, kiwango hicho kinaweza kuporomoka hadi 155. Kwenye tambarare ya Mpemba dereva hatagundua lolote. Kwenye mteremko mrefu, mguu ukiwa juu ya pedali muda wote, ngoma za breki zinashika moto, maji yaliyomo kwenye mafuta yanageuka mvuke, na pedali inazama hadi sakafuni. Baada ya hapo tunasoma kwamba breki zilifeli. Breki hazifeli zenyewe. Kuna mtu alipaswa kumwaga mafuta yale na hakumwaga, au aliongeza chochote kilichokuwa karibu, au alimwambia tajiri na tajiri akamjibu kwamba gari lipige kazi kwanza mwezi huu.

Kwa mabasi yenye breki za upepo kazi ni nyingine lakini nidhamu ni ile ile: kufungua matangi kila siku ili maji yatoke, kupaka povu la sabuni kwenye maungio ya mipira kuona upepo unavuja wapi, kupima fimbo ya breki inatoka kwa urefu gani dereva anapokanyaga. Hakuna mtambo wa mamilioni unaohitajika hapo. Anahitajika mtu anayejua kwa nini anafanya hivyo, na anayejua kwamba jina lake litaulizwa.

Mtu huyo tunampata vipi leo? Kijana wa Ibaba anayependa magari hushuka Tunduma, mji wa malori yaendayo Zambia na Kongo, akajishikiza kwenye gereji ya mtu. Anaanza kwa kuosha spea kwa dizeli, kushika tochi, kutumwa spana. Miaka inapita, mikono yake inakuwa myepesi, na wengi kama yeye wanakuwa mafundi hodari kweli. Lakini hana cheti wala mkataba. Mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, haumjui. Gari lililoinuliwa kwa jeki bila stendi likimwangukia, familia inachangishana gharama za hospitali, ingawa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulianza kukusanya michango ya waajiri mwaka 2015 na kila mwajiri anapaswa kujisajili.

Ubaya zaidi uko kwenye namna anavyolipwa. Analipwa kwa kila ubovu. Gari likiharibika ana chakula; likikaa mwezi mzima bila kuguswa, hana kitu. Utaratibu huu unamwadhibu fundi anayezuia ubovu na kumtunza anayeusubiri. Mwenye basi anayelalamika kwamba mafundi wanatengeneza ili warudi tena anapaswa kujitazama, kwa kuwa yeye ndiye aliyeweka malipo hayo. Fundi wa matengenezo ya kinga anatakiwa mshahara wa mwezi, saa za kazi zinazojulikana na gari alilokabidhiwa kwa jina.

Nchi hii iliwahi kuwa na mpangilio. Mwaka 1974 shirika la mabasi la UDA lilianza kuhudumia Dar es Salaam na KAMATA ikachukua mabasi ya mikoani. Mashirika hayo yalidhoofika kwa sababu nyingi, na hatuombi yarudi. Hata hivyo fundi wa enzi hizo aliijua njia yake: tredi testi daraja la tatu, la pili, la kwanza, na waajiri wa umma walimpanga kazi kwa daraja lake.

Ngazi za leo zipo, tena ndefu kuliko zile. Mamlaka ya ufundi stadi, VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, inatoa cheti cha ufundi magari katika hatua tatu, na Mbeya si mbali. Ina pia mpango wa kurasimisha ujuzi kwa fundi aliyejifunza chini ya mwembe: anapimwa kwa anachokijua, anajaziwa mapengo, anapewa cheti. Anayetaka kusonga mbele anacho Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Mabibo, na karibu yetu Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, ambako fundi anaweza kufikia stashahada na shahada. Akitoka hapo anaweza kuwa fundi sanifu, msimamizi wa karakana, mkaguzi wa magari au mhandisi. Sera ya elimu ya 2014, toleo la 2023, imefungua mkondo wa amali sekondari. Kinachokosekana ni mwajiri anayekijali cheti. Gereji ikimlipa aliyesoma sawasawa na aliyebahatisha, nani atakwenda kusoma?

Na kubahatisha kunazidi kuwa hatari. Injini za mabasi mapya zinaendeshwa na kompyuta, na fundi asiyeweza kusoma misimbo yake anabadilisha spea moja baada ya nyingine mpaka apatie. Mabasi ya gesi asilia yameingia Dar es Salaam. Nairobi, kampuni ya BasiGo ilianza majaribio ya mabasi ya umeme mwaka 2022. Betri ya basi la umeme ina mamia ya volti, na haimpi fundi nafasi ya kujifunza kwa kukosea.

Tumeisikia hoja ya wamiliki kwamba ukimsomesha fundi anahamia kwa jirani. Hatuikubali. Mwenye waajiriwa kumi na kuendelea tayari anatozwa asilimia 3.5 ya mishahara kama tozo ya kuendeleza ujuzi. Ajihoji amepeleka nani chuoni. Wala asijikinge na stika ya Nenda kwa Usalama kwenye kioo: inaeleza hali ya gari siku lilipokaguliwa, haielezi lolote kuhusu miezi inayofuata.

Mafundi nao tunawaambia bila kuficha: anayeliachia gari lenye breki mbovu litoke kwa kuwa tajiri amekasirika anashiriki kosa. Anayefunga spea feki akijua, anashiriki. Heshima ya kazi hii inaanzia kwenye ujasiri wa kusema gari hili halitoki.

LATRA iweke sharti jipya kwenye leseni ya usafirishaji: kila gari la abiria liwe na daftari la matengenezo lenye tarehe, kilometa, kazi iliyofanyika, spea iliyofungwa, na jina na sahihi ya fundi aliyethibitishwa na VETA. Wapewe muda wa kurasimishwa mafundi wa mtaani, kwa maana bila wao hakuna gari litakalotembea Songwe. Halmashauri ya Ileje inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo, na asilimia 4 kati ya hizo ni za vijana. Kikundi cha mafundi vijana Itumba kinachoomba stendi za kuinulia magari, kifaa cha kusoma kompyuta za injini na ada ya kupimwa ujuzi kisirudishwe nyumbani.

Mvua huku juu huanza Novemba na miteremko ya Ibaba huwa utelezi mtupu. Wenye magari hawahitaji kusubiri kanuni ya Dodoma kununua daftari, kubadilisha mafuta ya breki na kumwandikia fundi wao mkataba. Wafanye hivyo kabla ya Novemba.