UPANGA USIO NA HABARI

Kila msafiri wa Uwanja wa Ndege wa Moi, huku Changamwe, ajua kuwa upanga hauingii ndani ya ndege mkononi mwa abiria. Wasilolijua wengi ni kuwa upanga wa kale, hata ukifichwa ndani ya sanduku la mizigo, hautoki nchini bila kibali. Sheria ya mwaka 2006 ya Makumbusho na Turathi yahesabu kuwa ni kitu cha kale kila chombo kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895.

Mwaka huo si mgeni kwetu. Ndio aliofariki Salim bin Khamis wa Takaungu, Waingereza wakamweka Rashid bin Salim, na Wamazrui wengine wakakataa. Mbaruk bin Rashid wa Gasi akashika silaha. Mwezi wa Agosti Waingereza wakaiteka ngome yake ya Mwele, na Aprili 1896 akavuka mpaka, akajisalimisha kwa Wajerumani. Askari walioshinda walipewa nishani zilizochongwa jina la Mwele. Je, panga za upande wa pili ziko wapi, na nani ajuaye zilikuwa za nani?

Ndugu zetu Wamoro, Waislamu wa Mindanao na Sulu huko Ufilipino, yaliwafika hayo hayo. Walipigana na Wamarekani hadi mwaka 1913, na kris na kampilan zao zikachukuliwa na askari kuwa kumbukumbu. Leo wakusanyaji wazitafutia asili yake. Ule ulioandamana na barua ya askari, yenye siku na mahali, hupata kusema. Usio na karatasi hubaki pambo la ukutani.

Na zetu zina taabu zaidi. Mabapa mengi yalitoka Ulaya, hasa mji wa Solingen, Ujerumani, kisha yakatiwa mipini na ala za huku au za Omani. Basi bapa peke yake halitoshi kuwa shahidi. Afisa wa uwanjani atajuaje kuwa upanga ulio mbele yake ni wa kabla ya 1895, ikiwa hata mrithi wake hajui?

Wako wanaohofu kuwa wakiuonyesha watanyang'anywa. Lakini kuandika hakuhitaji kwenda ofisini. Chukua daftari, muulize bibi au mjomba angali hai: upanga huu ambao bwana harusi huushika ulikuwa wa nani? Alirithi kwa nani? Ulikwenda vita gani? Upige picha mpini, ala na alama za bapani. Wala usiusugue kwa msasa ukazifuta alama hizo. Atakaye ushauri zaidi, Makumbusho ya Fort Jesus yako pale pale.

Wahenga walikwisha kutuusia: mali bila daftari hupotea bila habari. Tusingoje kuutafuta upanga baada ya ndege kuruka.