UJIRA WA MWALIMU SI SADAKA



Kila ifikapo tarehe 5 Oktoba, Siku ya Walimu Duniani, masikio yetu hujaa maneno matamu. Mwalimu husifiwa, hupigiwa makofi, na pengine hupewa fulana na soda. Siku ya pili yake, mwalimu yule yule huingia dukani, akaomba aandikiwe kilo mbili za mchele na nusu ya sukari mpaka mwisho wa mwezi. Sisi tunaoandika haya ni watu wa mizani na daftari la deni, na daftari hilo halijui kusema uwongo wala kupiga makofi.

Siku hizi yako maneno yazungukayo barazani kwamba dawa ya shida za walimu ni kuwapunguzia bei: dukani wauziwe nafuu, garini wapande bure, mabenki yawape mikopo ya masharti mepesi. Wasemao hivyo wengi wao wana nia njema, na hatuna ugomvi na mfanya biashara atakaye kumkirimu mwalimu wa mwanawe. Kutoa ni moyo, si utajiri. Lakini yatupasa tuyapambanue mambo, maana kuchanganya majina ndiko kuzichanganya haki.

Aliyekaa chuoni juu ya mkeka anajua kuwa sadaka, zawadi na ujira ni vitu vitatu mbali mbali. Sadaka hupewa mhitaji, na mtoaji akiacha hashitakiwi. Zawadi hutoka katika mapenzi, na mapenzi hayana tarehe. Ama ujira ni deni. Kazi ikisha kutendwa, deni limemshika mwenye kuajiri shingoni, na mdai wake haombi, hudai chake. Mtume wetu (S.A.W.) ametuamuru tumlipe mwajiriwa kabla jasho lake halijakauka. Hakutuambia tumpunguzie nauli.

Tuchukue mfano wa karibu. Mapema mwaka 2016, katika jiji la Dar es Salaam, viongozi wa serikali walipatana na wenye daladala kwamba walimu wa shule za serikali wapande bila ya nauli kwa kuonyesha vitambulisho. Wengi walishangilia. Sisi twauliza: ni nani aliyetoa sadaka ile? Hazina haikupungua hata senti. Dereva na konda ndio wenye kumpelekea tajiri hesabu ya kila siku, abiria walipe au wasilipe. Basi ukarimu ule ulitoka katika mfuko wa maskini mmoja kuingia kwa maskini wa pili, na sifa zikaenda kwa mkubwa ambaye hakutoa kitu. Na konda mwenye hesabu ya kutimiza atamtazama kwa jicho gani mtu mzima anayenyoosha kitambulisho badala ya nauli, mbele ya wanafunzi wake mwenyewe?

Tena punguzo lina hila yake, na hili mwenye duka hahitaji kufundishwa. Punguzo la shilingi kumi katika mia humfaa mwenye mia. Asiye na kitu mfukoni hapunguziwi kitu. Punguzo halilipi kodi ya nyumba wala halimtibu mzee. Zaidi ya hayo, halimo katika hesabu ya kiinua mgongo. Pensheni hupimwa kwa mshahara; haipimwi kwa safari za bure wala kwa fulana za Oktoba. Anayemlipa mwalimu kwa hisani leo amemwibia uzee wake kesho.

Wala asidhani mtu kuwa haya ni ya nchi maskini tu. Marekani, kila mwezi wa Mei, huwa na wiki ya kuwashukuru walimu, na maduka na mikahawa hushindana kuwapa vitu vya bure. Lakini uchunguzi wa serikali ya huko ulionyesha kwamba katika mwaka wa masomo wa 2014–15, walimu 94 katika kila 100 wa skuli za umma walinunua vifaa vya darasani kwa fedha zao wenyewe bila ya kurudishiwa, na wastani wao ulikuwa dola 479. Mwalimu ndiye aliyekuwa akiipa serikali sadaka! Mwaka 2018 walimu wa jimbo la West Virginia walifunga skuli katika wilaya zote 55, hata wakapata nyongeza ya 5 katika mia. Kahawa ya bure haikuwazuia.

Watawala wana majibu yao, na ni haki tuyasikilize. Husema walimu ni wengi mno, na nyongeza ndogo kwa kila mmoja ni mzigo mkubwa kwa Hazina. Ni kweli kuwa ni wengi. Lakini wingi wao ni kwa sababu watoto ni wengi. Hakuna aliyeajiriwa kwa hisani. Huko Bara, Julai 2012, walimu waligoma wakidai mshahara uongezwe maradufu. Baada ya siku chache Mahakama ikasema mgomo si halali. Mgomo ulikwisha, lakini dai halikuzikwa. Mei Mosi ya 2025 kikatangazwa kima cha chini cha watumishi wa umma kutoka shilingi 370,000 kuwa 500,000 tokea Julai ya mwaka ule. Basi fedha hupatikana panapokuwa na nia. Nasi tuwaonye wale wafanya biashara ambao wakisikia nyongeza tu hubandika bei mpya kabla mshahara haujafika: hao hunyang'anya kwa mkono wa kulia walichojisifu kupunguza kwa wa kushoto.

Hatudai jambo geni. Tarehe 5 Oktoba 1966, mjini Paris, mataifa yalipitisha Pendekezo juu ya hadhi ya walimu, na ndani yake imo kwamba mshahara wa mwalimu ulingane vyema na wa kazi nyengine zenye elimu kama yake, na umwezeshe kuishi kwa heshima yeye na watu wake. Siku tunayoisherehekea kwa soda ni ukumbusho wa ahadi hiyo.

Kwa hiyo twawataka wawakilishi wetu, itakapokuja bajeti, wasiulize walimu watapewa zawadi gani. Waulize mshahara ni kiasi gani, walipwa siku gani, malimbikizo yatakwisha lini, na vijana wanaosomesha kwa kujitolea, Unguja na Pemba, wataandikwa kazi lini. Na katika matawi yetu, kila mwanachama mwenye mtoto skuli amwendee mwalimu wake amuulize hali, ayalete majibu mkutanoni.

Mwenye duka akitaka kumpunguzia mwalimu, na ampunguzie, Mungu atamlipa. Serikali na ilipe deni lake.