Tuulizane Kabla ya Kuchapa

Si zamani, kijana mmoja wa kwaya alileta kwenye mazoezi mchoro wa jalada la albamu yao ya nyimbo za amani. Alikuwa ameutengeneza kwa simu, usiku baada ya usiku. Msalaba ulisimama juu ya kilima, na nyuma yake zilipanda ndimi za moto, ishara ya Roho Mtakatifu. Aliwauliza wenzake, "Mnaonaje?" Wakajibu, "Ni nzuri sana," wakapiga makofi. Siku chache baadaye michango yao ingepelekwa Goma kwa mchapaji.

Msichana mmoja hakupiga makofi. Nilipomwuliza sababu, alijibu kwa sauti ya chini: "Mwalimu, mimi ninaona nyumba zinazoungua." Jamaa yake waliwahi kukimbia kijiji chao. Alinyamaza mbele ya wenzake kwa kuwa hakutaka kumvunja moyo mchoraji.

Ukimya wa namna hiyo tumezoea kuuita upendo. Mimi naona sivyo. Anayekusifu ili usihuzunike leo anakuacha uhuzunike kesho, wakati fedha zimekwisha na nakala ziko mikononi mwa watu. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Mchoraji naye hawezi kuiona kazi yake kwa macho ya mgeni, maana anajua tayari alichokusudia.

Katika mafunzo ya ualimu, mwanafunzi hutoa somo la majaribio mbele ya wenzake, nao hulichambua baadaye. Inauma, nakiri. Lakini ni afadhali kosa lionekane hapo kuliko kubebwa na watoto mwaka mzima. Kutokana na desturi hiyo, nawashauri mambo matatu.

Kwanza, onyesha mchoro bila kuueleza. Jalada halisafiri pamoja na aliyelichora. Badala ya "Mnaonaje?", uliza "Unaona nini?", tena umwulize kila mtu peke yake, kabla hajasikia jibu la mwingine.

Pili, uonyeshe kwa ukubwa wake halisi. Jalada la santuri za zamani lilikuwa na upana wa sentimita 30 hivi; la sidii lina sentimita 12. Leo nyimbo hupita kutoka simu hadi simu, na jalada huonekana dogo kama ukucha. Herufi zinazopendeza kwenye karatasi kubwa huenda zisisomeke hapo.

Tatu, wewe unayeulizwa, shuhudia, usiamuru. "Badilisha rangi" ni amri. "Jina la kwaya silisomi" ni ushuhuda, nao humsaidia mchoraji kutafuta dawa mwenyewe.

Wapo wasemao kwamba sanaa haipigiwi kura, na kwamba kila mtu akitia mkono kazi hupoteza sura. Ni kweli. Ndiyo maana mwenzako hukuonyesha ugonjwa ulipo, na tiba unaichagua wewe. Mkisikia maoni kumi, si lazima myafuate yote kumi. Lakini mkiwa mmesikia maoni mawili yanayogusa mahali pamoja, simameni hapo.

Kwa ruhusa ya yule msichana, nilimweleza mchoraji. Hakufurahi. Alitetea moto wake kwa muda mrefu, na alikuwa na haki ya kuutetea. Juma lililofuata alirudi na mchoro mwingine: kilima kilekile, msalaba uleule, na chini yake nyumba yenye taa ndogo mlangoni. Msichana alipoulizwa anaona nini, alisema, "Kuna mtu anayengojewa nyumbani."

Uchapaji ulichelewa, na wengine walinung'unika. Mimi sikuona hasara. Vijana, mwenzenu akiwaletea kazi yake, mpeni jambo lenye thamani kuliko makofi: mwambieni kwa upole kile ambacho macho yenu yameona.