Majabali ya kobe na guruguru yasiuzwe yote kwa bei ya kokoto

MKULIMA wa maeneo makavu ya Dodoma, Singida au Kitui akigawiwa shamba lenye majabali, huhesabu kuwa amepata hasara. Jembe halipiti wala trekta haligeuki. Njia anazoziona za kupata fedha ni mbili: kupasua mawe auze kokoto, au kumruhusu mnunuzi anayepita akitafuta kobe. Zote mbili huvunja nyumba yenye wapangaji wengi.

Katika nyufa nyembamba za majabali huishi kobe mdogo mwenye gamba bapa kama chapati. Urefu wake haufiki sentimita 20, na gamba lake ni jepesi hata hubonyea. Akishtushwa hajikunji ndani ya gamba kama kobe wengine, bali hukimbilia ufani na kujibana humo. Katika nyufa hizo hizo hukutwa pia guruguru na mijusi wengine. Wanakaa pamoja kwa sababu hawagombei chakula: kobe hula nyasi na majani, guruguru hula zaidi wadudu. Wanachogawana ni kivuli cha mchana na kinga dhidi ya maadui.

Kwa hesabu za uchumi, ufa huo ni mtaji. Kobe huyu kwa kawaida hutaga yai moja tu kwa mara moja, na yai hilo hukaa miezi kadhaa kabla ya kuanguliwa. Akichukuliwa mmoja, pengo lake haliwezi kuzibwa haraka. Mbaya zaidi, wakamataji wamekuwa wakitumia mitaimbo na jeki kupanua mwamba. Ufa ukishapanuliwa humfaa adui kuliko kobe, na guruguru naye hupoteza makazi ingawa hakuna aliyemtaka.

Biashara hiyo sasa haina hata uhalali. Kobe huyu aliwekwa chini ya udhibiti wa mkataba wa kimataifa wa CITES mwaka 1975. Mwaka 2019, katika mkutano wa Geneva, alihamishiwa kwenye orodha ya kwanza, ambayo hairuhusu biashara ya kimataifa ya kobe waliokamatwa porini. Mnunuzi anayefika kijijini na gunia huondoka na faida; mkulima aliyemwonyesha majabali ndiye hubaki akikabili kesi.

Hata hivyo, si haki kumwambia mkulima aache kokoto bila kumwonyesha njia nyingine. Ada ya shule haisubiri. Ndiyo maana uamuzi ufanyike kwa kuchagua, si kwa kupiga marufuku kila kitu. Mawe yaliyotawanyika na mwamba usio na nyufa vinaweza kupasuliwa. Majabali yenye nyufa ndefu za kulala, pamoja na vichaka vinavyoyaunganisha, yaachwe. Kichaka kikifyekwa chote kwa ajili ya mtama, wanyama wa jabali moja hutengwa na wale wa jabali jingine.

Ukanda huo ulioachwa unaweza kuingiza fedha. Dodoma, Singida na Kitui zinajulikana kwa asali, na mizinga hukaa vizuri katika vichaka vya majabali bila kumsumbua kobe wala guruguru. Kokoto ya jabali huuzwa mara moja tu, lakini asali huvunwa tena msimu ujao. Tahadhari ni moja: mtu asiingize mkono ufani, kwani nyoka naye hupenda kivuli hicho.

Serikali za vijiji na za kaunti zina kazi ya kufanya. Kabla ya kibali cha kupasua mawe kutolewa, ofisa wa wanyamapori na wenye mashamba wazunguke pamoja na kutia alama majabali ya kuachwa. Na anayeombwa kuyatunza apewe kipaumbele katika mizinga na mafunzo ya ufugaji nyuki. Kumtaka mkulima abebe peke yake gharama ya kuhifadhi kobe wa taifa ni kumwalika mwenye gunia arudi.