Anayerudi Bondeni Rumonge Si Mkaidi

Kila mvua kubwa za Machi hadi Mei zinapokwisha katika mwambao wa Burundi wa Ziwa Tanganyika, na maji yakaanza kuondoka katika mashamba ya mihogo na michikichi, husikika hukumu ambayo imerudiwa mara nyingi kiasi kwamba ni wachache wanaoihoji: kwamba waliofurikiwa walijitakia wenyewe, kwa kuwa walijenga karibu na mto huku wakiijua hatari yake, na kwamba wanaorudi pale pale baada ya maji kupungua ni wakaidi au wajinga, watu wa kuhamishwa wapende wasipende. Hukumu hiyo huvaa sura ya busara na hata ya huruma, lakini inakosea kuhusu chanzo cha maji, inakosea kuhusu sababu za watu kurudi, na kwa makosa hayo mawili inawapotosha wale wenye dhamana ya kuwasaidia waathirika kusimama tena.

Rumonge iko katika Imbo, yaani ukanda mwembamba wa tambarare uliobanwa kati ya ziwa na milima, na nyuma yake huinuka Mumirwa, jina wanalolitumia Warundi kwa mteremko mkali unaopanda hadi kwenye mgongo wa milima unaoyagawa maji ya Kongo na yale ya Naili. Uso wa ziwa kwa kawaida uko takribani mita 774 juu ya usawa wa bahari, ilhali mgongo huo hupita mita 2,000, na kati ya viwili hivyo hakuna hata kilometa 40. Mito kama Dama, Murembwe na Ruzibazi inashuka kimo chote hicho katika safari fupi, ikibeba udongo, changarawe na mawe, kisha inapofika tambarare hupoteza kasi ghafla na kuubwaga mzigo wake. Sakafu ya mto huinuka mwaka hadi mwaka, kingo huzidi kuwa fupi, na siku mvua inapokuwa kubwa mto huacha njia yake na kutafuta nyingine katikati ya mashamba. Mzigo huo hautoki Rumonge. Unatoka katika miteremko inayolimwa hadi juu kabisa, katika nchi yenye zaidi ya watu 400 kwa kila kilometa ya mraba, ambako miti imekatwa kwa ajili ya kuni na mkaa, na ambako makinga maji, yaani mitaro na matuta yanayochimbwa kuukata mteremko ili maji yazame ardhini badala ya kukimbia, huchimbwa kwa hamasa mwaka mmoja na kuachwa yakafukiwa mwaka unaofuata. Mkulima wa bondeni hana mamlaka yoyote juu ya mteremko huo, ila kila kinachoporomoka huko humfikia yeye.

Ziwa nalo lina yake. Tanganyika hupokea mito mingi lakini lina mlango mmoja tu wa kutokea, Mto Lukuga ulioko Kalemie upande wa Kongo, na sehemu kubwa ya maji yake huondoka kwa njia ya mvuke. Kwa hiyo mvua zikizidi kwa miaka mfululizo, ziwa hupanda polepole na kushuka polepole zaidi. Mwaka 1878 lilijaa mpaka likavunja kizuizi cha matope na mimea kilichokuwa kimeziba mdomo wa Lukuga, kisha likashuka kwa mita kadhaa, na ndiyo maana mahali pa Ujiji ambapo Stanley alikutana na Livingstone mwaka 1871, ufukweni kabisa kwa wakati ule, leo pako mbali na maji. Baada ya mvua za 1961 na 1962 lilipanda tena hadi kilele cha 1964, na mwaka 2024 lilifikia takribani mita 777. Ziwa likiwa juu kiasi hicho, mito hukosa pa kumwaga na maji yake hurudi nyuma mashambani, nayo mafuriko ambayo yangedumu siku mbili hudumu miezi. Kanuni ya Maji ya Burundi ya mwaka 2012 imetenga mita 150 kutoka ziwani zisijengwe, na nia yake ni njema, lakini ufuko ambao kipimo hicho huanzia si mstari uliotulia: katika tambarare, mita tatu za kina huweza kuusogeza mbali sana ndani ya nchi kavu. Familia iliyojenga wakati ziwa limeshuka haikujenga majini, na kuihukumu kwa ramani ya mwaka wa mafuriko ni dhuluma.

Katika mafuriko hayohayo ya 2024, sehemu ya bandari ya Bujumbura ilikuwa chini ya maji, na nyumba za kifahari na hoteli za mtaa wa Kibenga mjini humo zilizingirwa na ziwa. Haikusemwa kwamba bandari ni kaidi, wala mwenye hoteli hakuitwa mjinga. Palizungumzwa hasara, ukarabati na namna ya kuulinda uwekezaji. Lawama ya ukaidi humwangukia yule ambaye mali yake yote ni nyumba ya matofali mabichi na vipande viwili vya shamba, na hapo panaonekana kwamba linalopimwa katika lawama hiyo ni hadhi ya mtu, kwa sababu maji ni yale yale.

Sababu kubwa inayowarudisha watu bondeni, hata hivyo, ni ardhi, na ardhi ya Rumonge ina historia ambayo haielezeki kwa mvua. Tarehe 29 Aprili 1972 machafuko yalianzia katika eneo hili la kusini, Rumonge na Nyanza-Lac, na mauaji yaliyofuata yakawakimbiza maelfu kwa maelfu kwenda Tanzania. Mashamba waliyoyaacha yaligawiwa kwa wengine, na mengine yakaingizwa katika miradi ya michikichi. Wakimbizi walipoanza kurudi kwa wingi baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, walikuta katika ardhi yao watu waliozaliwa hapo, na Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine, iliyoundwa kusuluhisha migogoro hiyo, ilijikuta mbele ya kesi ambazo kila upande una chozi lake na haki yake. Mwenye kuyajua hayo hatashangaa kwamba familia iliyopata kipande cha ardhi baada ya miaka 30 au 40 ya uhamishoni haiko tayari kukiacha kwa sababu ya wiki tatu za maji. Katika mazingira hayo, shamba lililoachwa wazi huweza kuwa la mwingine msimu ujao. Kwa mjane hatari hiyo ni kubwa maradufu, kwani Burundi haijapata sheria ya mirathi inayompa mwanamke fungu sawa katika ardhi, na haki yake mbele ya shemeji zake husimama juu ya jambo moja tu, kwamba yuko hapo na analima. Akiondoka kwenda kwenye mahema, hata kwa miezi sita, huenda akawa ameondoka moja kwa moja. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2011 iliziruhusu komini, yaani serikali za mitaa, kutoa vyeti vinavyotambua haki za kimila, na palipo na cheti mtu huweza kulikimbia shamba lake na bado likabaki lake; pasipo cheti, mwili wake ndio hati yake.

Kuna pia hesabu ya mazao, ambayo wapangaji wa misaada huipuuza kwa urahisi wa kutisha. Maji makubwa hufika katikati ya msimu B, yaani msimu wa Februari hadi Juni ambao ndio hulisha kaya nyingi za Burundi kwa mavuno makubwa zaidi ya mwaka. Muhogo ukisimama majini kwa siku chache huoza ardhini, na shina jipya huhitaji karibu mwaka mzima kabla halijatoa chakula. Maharage hukomaa kwa takribani miezi mitatu, ila mbegu yake ilikuwa ndani ya nyumba iliyobomoka. Mchikichi uliofukiwa au kung'olewa ukipandwa upya hauzai kabla ya miaka mitatu au minne, na mchikichi ndio mawese, ambayo ndiyo ada ya shule, dawa na sabuni. Wakati huohuo visima na vyoo huchanganyika, na kipindupindu, kisichokuwa kigeni Rumonge, hupata njia. Tarehe 16 Aprili 2024 serikali ya Burundi na Umoja wa Mataifa walitoa wito wa msaada kwa ajili ya zaidi ya watu 200,000 walioathiriwa na mvua tangu Septemba 2023, na wito huo ulikuwa wa haki. Lakini hema, blanketi na unga ni msaada wa wiki, na hasara ya mchikichi ni ya miaka. Mtu akipewa mahitaji ya wiki sita na kuambiwa asirudi kwenye shamba linalohitaji miaka minne kupona, anakuwa ameambiwa aishi kwa kitu gani?

Wanaodai kwamba kuhamisha watu ndiyo dawa wangefaa kulitazama bonde la Mto Rufiji, upande wa pili wa Tanzania. Baada ya mafuriko ya 1968, serikali iliwahamisha watu wa bondeni mwaka 1969 kwa Operesheni Rufiji, ikawakusanya katika vijiji vya nchi ya juu kaskazini mwa mto, kwa ahadi ya shule, zahanati na usalama. Huduma zilikuja, lakini rutuba ilibaki bondeni, kwa kuwa Warufiji walikuwa na kilimo cha mlau, yaani kupanda kwenye tope maji yanapopungua, na walijenga dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, ili waweze kulinda mazao na kulala salama. Matokeo yake ni kwamba watu waliendelea kushuka bondeni kulima, wakitembea mbali au kukaa kwenye madungu msimu mzima, na nchi ya juu haikuwahi kuwalisha. Kosa la mpango ule lilikuwa kuamini kwamba mahali pa kulala na mahali pa kulima ni swali moja. Ni maswali mawili, na Rumonge yanajibiwa tena kana kwamba ni moja.

Hakuna anayedai kwamba kila mtu abaki alipo. Zipo sehemu, hasa kwenye midomo ya mito na chini ya miteremko inayoporomoka kama ile ya Gitaza, ambako maporomoko ya Machi 2015 yaliua watu na kuikata Barabara ya Taifa namba 3, ambako mtoto hapaswi kulazwa usiku wa mvua. Nyumba za sehemu hizo zihamishwe, tena upesi, lakini zihamishwe kwenye mwinuko ambao mkulima ataweza kutoka asubuhi akalima shamba lake na kurudi jioni, na mvuvi wa ndagala na mikeke akafika mwaloni bila kulipa nauli inayomaliza alichovua. Vyeti vya ardhi vitolewe kabla ya kuhama wala si baada yake, na jina la mke liandikwe pamoja na la mume. Makinga maji ya Mumirwa yalipiwe kama kazi, kwa sababu mwananchi wa mlimani anayechimba mtaro anamlinda mwenzake wa tambarare kuliko anavyojilinda mwenyewe, na haki haimtaki afanye hivyo bure mwaka baada ya mwaka.

Komini, wizara na mashirika yanayofanya kazi mwambaoni yaache kuhesabu idadi ya waliokubali kuhama kama ushahidi wa mafanikio, na badala yake yahesabu kaya zilizovuna. Msimu A huanza Septemba. Mbegu, vipando vya muhogo na miche ya michikichi vinavyosubiriwa bondeni vinapaswa kuwa mikononi mwa wakulima kabla ya mwezi huo kuanza.